Saluni ya mlango wa bluu Kirumba: kunyoa 3,000, kesi ya Ukraine bure

Nianze na nyota kabisa, mwenye haraka zake asome hapa aondoke: nne kwa tano. Ile moja niliyokata ntaieleza huko mbele, inahusu LUKU na nusu ya kichwa changu.

Saluni yenyewe haina jina. Ukitokea uwanja wa CCM Kirumba fata njia kama unashuka Mwaloni, ukianza kusikia harufu ya dagaa punguza mwendo, kushoto kuna mama anakaanga mihogo, alafu banda la kuchaji simu, alafu mlango wa bluu uliochorwa vichwa sita vya watu wamenyoa staili za zamani na hakuna hata kimoja kinachofanana na binadamu. Ndo hapo. Ndani viti viwili vya kunyolea, kimoja kile cha kupanda na kushuka kimekufa presha kwahiyo kama we mfupi kama mimi omba cha dirishani, kuna benchi la watu sita linalokaliwa na watu tisa, feni, kioo kirefu na tivii ukutani. Hio tivii ndo roho ya pale. Saluni nyingi za Mwanza ukiingia unakuta bongo fleva au muvi zilizotafsiriwa, hapa fundi anaweka habari toka anafungua mpaka anafunga, mpira ni siku ya Simba na Yanga tu na hata hio anaweka kwa kulazimishwa.

Huduma kwanza, maana najua kuna watu watasema nimekuja kuandika siasa. Kunyoa kawaida 3,000, ukiongeza ndevu 4,000, bleki 5,000, skrabu na kuoshwa 7,000, na hapo kuna dada anakukanda kichwa mpaka unasahau kama una marejesho ya kausha damu jioni. Mashine anaifuta na spiriti mbele yako kila mteja, sio ile ya kupuliza kwa mdomo. Wembe anafungua mpya unaona mwenyewe, akimaliza anauvunja vipande viwili anatumbukiza kwenye chupa. Mi nna ngozi ya kutoka vipele kisogoni, nimehangaika na vinyozi wa mjini miaka na miaka, hapa nimenyoa mara saba sijatoka hata kimoja. Taulo zinabadilishwa. Poda anaweka nyingi kupita kiasi, ukitoka nje unafanana na andazi.

Haya sasa kopo.

Chini ya kioo kuna kopo la maziwa ya unga limetobolewa juu kama la sadaka, limebandikwa karatasi imeandikwa kwa mkono MAHAKAMA IPI? 500. Nlivyoliona mara ya kwanza nkajua ni mchango wa msiba. Kumbe ni faini. Fundi ananiambia ilianza Machi 2023 pale ICC, ile mahakama ya kimataifa ya jinai, walipotoa hati ya kumkamata Putin wa Urusi, yani wiki nzima wateja wanaingia na habari zao, huyu anasema Mahakama ya Dunia imemfunga, huyu anasema wamemnyang'anya pasipoti, mwingine akaja na ya kunyongwa, fundi akachoka akaweka sheria. Ukitaja mahakama ya kule The Hague, Uholanzi, sema ipi, maana watu wanazichanganya na hazifanani hata kidogo. Kuna ICJ, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, hio ni ya Umoja wa Mataifa, majaji 15, nchi inaishtaki nchi, haifungi mtu. Alafu kuna ICC, hio inamtafuta mtu kwa jina lake, nchi haina habari nayo. Ukichanganya, mia tano kopo. Hakuna mjadala, hata kama we ndo umeleta mteja mpya.

Mi siku ya kwanza nlitoa buku zima. Nimekaa kitini, kitambaa shingoni, tivii inaonesha jengo la ghorofa Kharkiv, Ukraine, limefunguka ubavu unaona mpaka kabati la mtu na sufuria zake, nkasema kwa kujiamini kabisa, hawa si walishinda kesi ICC Urusi ikaambiwa isimamishe vita. Fundi akazima mashine. Akanigeuza na kiti nkawa natazamana na benchi. Akauliza tu, "Wazee, ipi?" Benchi zima kwa pamoja kama darasa la pili, "Aisi-jeeei!" Nkatoa mia tano. Nkajitetea eti si ndo hiohio iliyotoa hati ya Putin, ikaenda mia tano ya pili.

Alafu akanifundisha, na hapa ndo nataka mnielewe, jamaa anakufundisha huku anakuchonga mstari wa paji la uso na hatetemeki. Anasema Ukraine wamevamiwa alfajiri ya Februari 24, 2022. Tarehe 26, siku mbili tu, vifaru viko njiani kwenda Kyiv, watu wamelala kwenye stesheni za treni chini ya ardhi, wao tayari wamepeleka karatasi The Hague. Anapofika hapo huwa anasimamisha mkono, mashine inaunguruma hewani, anasema we fikiria nyumba inaungua, baba anamwaga maji, mama yuko polisi anaandikisha.

Na walivyoandikisha ndo ujanja wenyewe. Hawakwenda kusema tu "tumevamiwa", maana kwenye ICJ huwezi kumburuza mtu asiyekubali, mpaka uwe na mkataba mliosaini wote unaosema tukigombana juu ya huu twende mahakamani, na Urusi sio mtu wa kukubali kirahisi. Wakauchukua mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari. Putin alisema anaingia kuwaokoa watu wa Donbas, mashariki mwa Ukraine, wanaofanyiwa kimbari na serikali ya Kyiv, sasa Ukraine wakasema sawa, watuhumiwa ni sisi, tunaiomba mahakama ituchunguze sisi wenyewe, na ikionekana hatukufanya basi sababu yake ya kuingia imekufa. Yani mtu anaitwa mwizi mtaani anakimbilia kituoni mwenyewe anasema nipekueni. Machi 16 majaji wakapiga kura, 13 kwa 2, Urusi isimamishe operesheni za kijeshi, na hao wawili mmoja wa Urusi mwingine wa China. Haikusimamisha. Fundi anasema hapo ndo wateja wengi huwa wanacheka wanasema sasa ilisaidia nini, na yeye hawajibu, anawachonga tu.

Hafichi na upande walioshindwa pia, hilo nampa heko. Anasema Januari 31, 2024 kwenye kesi yao ya zamani ya toka 2017, ile ya fedha za ugaidi na ubaguzi kule Krimea, Ukraine waliambulia kidogo sana. Siku mbili mbele, Februari 2, hii ya kimbari nayo ikapunguzwa, mahakama ikasema swali la kama Ukraine ilifanya kimbari tutalisikiliza, ila la kwamba uvamizi wenyewe umevunja mkataba ule, hapana, mkataba haukuandikiwa hilo. Fundi anaiita sare ya ugenini. Mi naona ni kipigo cha heshima lakini sikusema, nlikuwa sina chenji.

Benchi lenyewe lina wenyewe. Kuna jamaa anauza vipuri vya injini za boti, huyo ni Mrusi damudamu, Mrusi kuliko wa Moscow. Hoja yake ya kwanza kila siku ni moja, Mrusi ndo alotupa silaha kuwakomboa ndugu zetu kusini, Msumbiji, Angola, wapi sijui, Ukraine alikuwa wapi? Fundi bila kugeuka, "Alikuwa humohumo, Sovieti ilikuwa ya wote." Ni kweli, na wazee wetu waliokwenda kusoma Kyiv na Kharkiv enzi hizo wakirudi tulikuwa tunasema wamesoma Urusi. Jamaa wa vipuri akibanwa hapo anahamia Iraq. Mwaka 2003 Marekani na Uingereza waliingia Iraq, nani alipelekwa wapi? Hapo benchi linanyamaza kweli. Hata fundi hana jibu na mi sina, na bora asivyojitungia. Anachosema tu ni kwamba mwenye ng'ombe aliyeibiwa leo humwambii asiripoti kwa sababu wa jirani yake aliibiwa juzi na hakuna aliyekamatwa.

Kuna siku walibishana kuhusu sisi. Machi 2, 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoke, ndio 141, hapana 5, na 35 hawakuegemea upande, sisi tumo kwenye hao 35, Uganda nao wamo, Kenya walisema ndio. Kijana mmoja wa chuo akasema ndo sera yetu toka Mwalimu, kutofungamana. Ilikuwa ni kutaka kumjibu tu jamaa wa vipuri masikini, hakujua nani amekaa mwisho wa benchi.

Aliyekaa mwisho wa benchi ni mzee wa Kihaya, kwao Kyaka. Anakuja Jumamosi moja ndio moja hapana, kuchonga ndevu tu, anavaa koti hata jua la saa nane, benchi linamtania nshomile na yeye anafurahi maana ndo anachokitaka. Akasema, "Mwanangu, Mwalimu alipovamiwa na wenzake wakakaa katikati, alifurahi?" Kijana kimya. "Haya waitu, nyoa, nyoa, usiache kunyoa," hapo anamwambia fundi.

Alikuwa na miaka 14. Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin wakaingia kwa Mutukula wakashuka mpaka mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800 hivi, Amin akatangaza redioni kwamba hio sasa ni Uganda. Anasema cha kwanza alichokiona sio askari, ni ng'ombe wa watu wengine wanakimbia peke yao barabarani hawana mchungaji. Yeye na mama yake walivuka daraja la Kyaka na godoro na kuku wawili. Siku chache baadae Waganda wakalilipua lile daraja. Baba alibaki na ng'ombe kumi na moja, akasema hawezi kuwaacha, na akaja kuwafata mwezi mzima baadae akiwa na fimbo tu. Baba mwenyewe salama. Fimbo salama. Anavyolisema hilo la fimbo hajui acheke au afanyeje.

Wakaja kwa mjomba hapa Mwanza. Novemba 2 Mwalimu akaongea, na mzee akifika hapa hamalizi, benchi linamalizia, uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Hata wale wa 2001 wanaijua, sijui waliifundishwa wapi, mi mwenyewe nlijikuta nimo.

Kitu ambacho sikuwa nakijua, na nimezaliwa Mwanza hii hii, ni kwamba vita ile ilifika hapa. Gaddafi alikuwa upande wa Amin, na Machi 1979 ndege ya Libya, Tupolev, ilikuja kupiga matanki ya mafuta ya Mwanza ikakosa, mizigo ikaangukia kisiwa cha Saanane. Wakafa swala. Yani bomu limetoka Uganda lote hilo limekuja kuua swala wa Saanane. Mzee anasema yeye alikuwa ziwani anateka maji, alisikia mlio akaacha ndoo, na mjomba alimchapa kwa ajili ya ndoo. Pale Saanane nimeenda na watoto, nimepiga picha na pimbi, sikuwahi kuwaza.

Akaendelea, eti yale makombora yetu ya kwenye lori tuliyoyaita Saba Saba, waliyokuwa wanayaogopa Waganda, ni ya Mrusi, BM-21. Na ndege za Amin? Mrusi. "Haya angalia hapo," akanyoosha kidole kwenye tivii, na kweli lori lenyewe ni lilelile, Ukraine wanarusha, na upande wa pili wanarusha lilelile. Jamaa wa vipuri alifurahi sana kusikia hilo, akalichukulia kama sifa.

Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri zamu akasema si ndo hivyo mzee, tulimpiga, kesi za nini, Ukraine nao wapige tu. Mzee akamwangalia kwenye kioo, maana kichwa alikuwa hawezi kugeuza, wembe uko kooni. "Tulimpiga. Mwalimu akatuambia tufunge mkanda miezi 18, hiyo mikanda mingine haijafunguliwa mpaka leo. Julai OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, wanakaa Monrovia, wakubwa wengine wanamlaumu Mwalimu kwa kuingia Uganda. Amin amekaa Jeddah miaka na miaka, kafa 2003 kitandani. Sasa wewe niambie ng'ombe wa baba yangu nimdai nani." Hakuna mtu alisema kitu. Mashine tu. Fundi akamfuta mzee povu kwa upole ambao sisi wengine hatupewi.

Ndo akamwambia kuhusu daftari. Yani fundi huyu mnyoa vichwa wa Kirumba anamwelezea mzee wa Kyaka kwamba pale The Hague toka 2023 kuna daftari la hasara za Ukraine, Baraza la Ulaya ndo walilianzisha, mtu ambaye nyumba yake imebomolewa au ndugu yake kauawa anaandikisha, anaweka na ushahidi, hata kama leo hakuna wa kumlipa. Mzee akauliza wanaandika na mifugo? Fundi akasema mali iliyoharibika wanaandika. Mzee akauliza tena, hasa mtu wa kawaida, sio serikali? Mtu wa kawaida. Akakaa kimya muda mrefu, alafu akasema kumi na moja, mmoja alikuwa na mimba, kwahiyo waandike kumi na mbili.

Wale wanaosema kesi hizi hazilipi, kuna jibu na lipo hukuhuku kwetu. Mi sikuwa najua, nna aibu kidogo. Kongo waliishtaki Uganda ICJ (ona, nimeitaja sawa) mwaka 1999 kwa kuingia na jeshi kwao. Hukumu ikatoka Desemba 2005, Uganda ina hatia. Kongo wakadai zaidi ya dola bilioni 11. Wakabishana hela mpaka Februari 9, 2022, wiki mbili kabla ya Ukraine kuvamiwa, mahakama ikasema dola milioni 325: 225 za watu, 40 za mali, 60 za madini na maliasili zilizochotwa, ilipwe mara tano, milioni 65 kila mwaka. Na Uganda wakaanza kulipa Septemba hiohio. Miaka 23 toka kesi mpaka hela. Kijana wa bodaboda akapiga hesabu akasema akianza kudai leo helmeti yake aliyoibiwa atalipwa akiwa babu. Na Kongo hawajachoka, Rwanda nayo wameipeleka mahakama ya Afrika ya haki za binadamu hapo Arusha, basi la asubuhi tu kutoka Nyegezi jioni umefika, Juni 26, 2025 majaji wakasema ndio tunayo mamlaka ya kuisikiliza. Hio ya Arusha haipo kwenye kopo, fundi anasema akiiongeza watu watahama saluni.

Na ICC yenyewe, tuitendee haki. Hati ya Machi 17, 2023 ni ya watu wawili, Putin na yule mama kamishna wa haki za watoto, Maria Lvova-Belova, kwa watoto waliochukuliwa kutoka maeneo ya Ukraine kupelekwa Urusi, Ukraine wao wanahesabu zaidi ya 19,000. Kila mtu anauliza polisi wao wako wapi. Hawana, wanategemea nchi wanachama. Agosti 2023 Putin hakukanyaga Johannesburg kwenye mkutano wa BRICS, ule umoja wao na China, India, Brazil na Afrika Kusini, lakini Septemba 2024 alienda Mongolia, mwanachama kabisa, akapokelewa kwa gwaride akarudi kwao. Sisi pia wanachama toka 2002, kwahiyo akishuka hapa Mwanza kuja kula sato kisheria ni kazi ya OCD kwenda kumshika. Benchi lilivunjika mbavu. Mmoja akasema mwacheni ale kwanza. Jamaa wa vipuri akasema yeye atamlipia.

Bei ya vita hii sisi tuliiona pia, 2022 petroli ilipita 3,000 kwa lita na chapati za mama wa pale jirani zikawa za kuonea kwa miwani. Hilo halihitaji fundi kulieleza.

Sasa nyota yangu moja.

Ilikuwa Jumamosi, binamu yangu ana sendofu saa kumi, mi nimepangwa kupokea wageni. Nimeingia saa nane kasoro, mwangaluka mwangaluka, nimekaa, fundi kaanza upande wa kushoto kapanda mpaka juu, tivii inaongelea ile mahakama mpya ya kosa la uvamizi, mkataba uliosainiwa Strasbourg Juni 25, 2025 na Zelensky, rais wa Ukraine, na Baraza la Ulaya. Fundi alikuwa ananieleza ilivyo, kwamba kosa lenyewe la kuamka asubuhi na kuamua kuingia nchi ya mwenzio ICC haiwezi kumshika nalo Mrusi kwa sababu nchi yake sio mwanachama, kwahiyo ilibidi itengenezwe nyingine, na mara mashine ikafa mkononi. Feni ikafa. Tivii ikafa. Tukajua umeme umekatika, tukatoka nje kuangalia, banda la simu linawaka, hata mama wa mihogo redio inaimba.

LUKU imeisha. Fundi anajua kila kifungu cha mkataba wa 1948 ila hajaangalia mita yake.

Simu yake haina salio, mi nimeweka hela ya sendofu kwenye bahasha nimeshaigundi, jamaa wa vipuri akasema yeye hakopeshi mtu anayemsema vibaya Putin. Basi kopo. Wakalitoa, wakalifungua na kisu, zikamwagika sarafu za mia tano mezani, 8,500. Nlihesabu mwenyewe nikiwa na nusu kichwa. Kijana wa bodaboda akatumwa kwenye banda akanunue, akarudi na tokeni tarakimu 20 kwenye kikaratasi, mzee wa Kihaya akavaa miwani akawa anasoma namba na fundi anabonyeza mita, wakakosea mara mbili kwa sababu mzee anasoma saba halafu anaanza kusimulia Saba Saba. Dakika arobaini. Kwenye muda huo hakuna tivii, kuna joto, watu tisa na harufu ya dagaa, benchi likafungua kesi. Kosa la LUKU ni la saluni au ni la fundi mwenyewe? Wakasikiliza pande zote. Wakaamua ni la mtu, sio la taasisi, kwahiyo ICC, na hati ikatolewa palepale, na fundi akalipa mia tano kwenye kopo lililokuwa tupu.

Umeme ukarudi, akanimalizia, hakunilipisha. Sendofu nlifika wageni wameshakaa, kwenye picha za binamu mi ndo yule nyuma mwenye poda.

Anafungua saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, Jumapili baada ya ibada. Jumamosi mchana ndo kunajaa ila ndo mzee anakuja. Hakuna kuweka nafasi kwa simu, unakaa benchi. Muulize LUKU kabla hujakaa kitini, hachukii. Na beba sarafu za mia tano hata kama unajua vizuri ipi ni ipi, maana tangu ije hio ya Strasbourg karatasi ya kopo imeandikwa upya, na mara ya mwisho hata fundi mwenyewe alichangia.